Viti Viwili vya Madam

Sote tulimwita Madam, na mpaka leo nikilisikia neno hilo mahali popote, nageuka kuangalia mlangoni. Walimu wanawake wa Kakamega huitwa hivyo wote, kwa hiyo ungetarajia watu wachanganyikiwe, lakini hawakuchanganyikiwa. Ukisema Madam wa mtaa wa Amalemba, mtu alikuuliza tu, yule wa viti? Nawe ukajibu, huyohuyo wa viti.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitaeleza, kwa sababu sikuwahi kuuliza na yeye hakuwahi kusema. Nilimjua kwanza kama mwalimu wangu wa Kiingereza, miaka minne ya sekondari, na baadaye kama mgeni wa kila wiki katika duka langu la kuchapa pale mjini. Na niseme mapema, ili msomaji asidhani namsifu bure, kwamba nilimkosea. Aliniamini na kitu kimoja, kikaniponyoka, kisha nikamweleza nusu ya ukweli. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba Waingereza wana maneno mawili pale sisi tunaposema kusamehe, na miaka yote hii sijajua ni lipi nilipewa na ni lipi nilistahili.

Viti vilikuwa vya mbao, vya fundi mmoja, vimefanana mpaka kwenye misumari. Kila siku ya somo lake wanafunzi wawili walivibeba kutoka ofisi ya walimu na kuvipanga mbele ya darasa, vikiachana hatua tatu hivi. Kwenye mgongo wa kimoja Madam aliandika neno kwa chaki, na kwenye mgongo wa kingine akaandika ndugu yake. Leo "envy" huku na "jealousy" kule, maneno ambayo sisi tunayabeba yote katika mfuko mmoja wa wivu. Kesho "shy" na "ashamed", ambayo kwetu yote ni haya na aibu, nenda ukajue lipi ni lipi.

Hakukuuliza maana. Alikuita mbele, akakusimamisha katikati ya viti, akakutaka usimulie jambo lililokupata wewe mwenyewe. "Kisa kwanza, kiti baadaye," alisema, na ukianza kutunga uongo alijua kabla hujafika sentensi ya pili. Ukimaliza kusimulia uliketi kwenye kiti ulichoona kinakufaa. Darasa lilikatazwa kunong'ona, kwa sababu mwenye kisa ndiye anayeketi na hakuna anayeweza kumketia. Kisha Madam, ambaye hakuwahi kuvikalia viti vile hata siku moja, aliuliza kutoka kwenye kigoda chake, "Umeketi vizuri?"

Basi, ni hilo tu. Hakusema umepata, hakusema umekosa. Kama ulikuwa umeketi pasipo pako, swali lile lilikufanya ujikune, utazame dirishani, na mara nyingi uinuke uhamie kiti cha pili. Kuna msichana aliyehama mara nne kwa kisa kimoja cha dada yake na viatu. Sisi wengine tuliona tunapotezewa wakati. Darasa la jirani lilikuwa na orodha za maneno na maana zake, wanakariri kama kasuku, na mtihani ulikuwa unakaribia. Tulimlalamikia mwalimu mkuu, akaja kukaa nyuma ya darasa asubuhi moja, akatoka akiwa amechanganyikiwa kuliko sisi, na hakurudi.

Kisa ninachokikumbuka zaidi ni cha mvulana mmoja aliyetoka Mautuma, kule Lugari. Maneno ya siku hiyo yalikuwa "guest" na "stranger", yaani mgeni na mgeni. Alisimulia kwamba babu yake alihamia Mautuma kulima mahindi kwenye lililokuwa shamba la mzungu, na baba yake akazaliwa palepale, na yeye pia. Lakini kukitokea harusi au matanga, majirani bado husema tuwaalike na wale wageni. Huwapa viti vya mbele na chakula cha kwanza. Huwasikiliza kwa heshima wanapozungumza, na wakishaketi, mambo ya kijiji hujadiliwa nyuma ya nyumba bila wao. Alimaliza kusimulia akabaki amesimama. Aliangalia kiti hiki, akaangalia kile. Madam hakumharakisha, na kengele ililia akiwa bado amesimama pale katikati.

Jioni hiyo nilimwona Madam kwenye ofisi ya walimu akiandika. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, lile ambalo watu huita kaunta buku, na kila kisa kilichosimuliwa katikati ya viti alikiandika humo, jozi moja kwa ukurasa, kwa mwandiko mdogo uliolala upande. Alikuwa amelianza miaka mingi kabla yetu, na alitaka siku moja liwe kitabu cha watoto wa huku wanaojifunza Kiingereza. Hakupenda kamusi. Alisema kamusi imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuchelewa kufika kwenye mazishi ya mama yake, na sikuwahi kuelewa vizuri alichomaanisha.

Sasa, mtu huyo mwenye kutenganisha maneno kama mtu anayepeta mchele, nyumbani kwake alikuwa hana maneno kabisa. Hapo ndipo aliponichanganya. Jikoni kwake kila kitu kilikuwa "ile". "Niletee ile iko pale juu ya ile," alisema, na akikuona umeduwaa alikasirika kana kwamba wewe ndiye usiyejua lugha. Mwiko ulikuwa ile, chumvi ilikuwa ile, na jirani yake wa miaka mingi alikuwa mama ile. Kiingereza chake kilinyooka kama rula, lakini akirudi kwenye Kiswahili ulimi uliteleza, leo ikawa reo na barabara ikawa balabala, na wala hakujali. Nilipomuuliza siku moja kwa nini hachagui maneno akiwa jikoni, alinitazama kwa mshangao. Alisema jikoni hakuna anayeweza kuumia kwa neno.

Soksi zake hazikuwahi kulingana. Aliwaita kuku wake wote jina moja. Alikuwa mkali kwa mtu anayesema "I am fine" bila kufikiri, na yeye mwenyewe ukimsalimia alisimama njiani akatafuta jibu la kweli mpaka ukajuta. Wapo waliomkwepa sokoni kwa sababu hiyo, nami nilikuwa mmoja wao siku nikiwa na haraka.

Alipostaafu, alipewa vile viti viwili kama zawadi, jambo ambalo walimu wenzake walilifanya kwa utani na yeye akalichukua kwa moyo wote. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafungua duka la kuchapa karibu na soko, kompyuta moja na mashine ya kutoa nakala. Kazi yangu kubwa ilikuwa programu za mazishi, vile vijitabu wanavyogawiwa waombolezaji. Huku kwetu hata familia isiyozungumza Kiingereza nyumbani hutaka wasifu wa marehemu uwe kwa Kiingereza, na Madam akajiteua kuwa msahihishaji bila kuulizwa na mtu. Kila Jumatano alikuja, akavuta viti vyangu viwili vya wateja, akatoa kipande cha chaki kwenye mfuko wa sweta. Chaki haikumtoka mwilini hata baada ya kustaafu.

Siku moja alikuja kijana aliyefiwa na baba. Mzee alikuwa ameishi Amalemba miaka arobaini na alikuwa akipelekwa kuzikwa kijijini. Karatasi yake ilisema mwili utatoka "home" kwenda "home". Nilitaka kuchapa hivyohivyo, foleni ilikuwa ndefu. Madam akasema hapana, akaandika "house" kwenye kiti kimoja na "home" kwenye kingine, na kijana wa watu, amevaa koti la kuazima, akaanza kusimulia mbele ya wateja. Alieleza jinsi mzee alivyopanda parachichi nyuma ya nyumba ya Amalemba, na jinsi kijijini alivyokuwa akienda Krismasi tu na kulala kwa ndugu yake. Aliketi kwenye "home" akiwa anazungumzia Amalemba. Madam akamuuliza kama ameketi vizuri. Kijana akalia, akasema ndiyo, lakini wazee hawatakubali. Tulichapa "house" kwa sababu ya wazee, na kijana akaondoka akijua ukweli wake. Mpaka leo sijui kama tulimsaidia au tulimwongezea mzigo.

Mteja mmoja mtundu akauliza, "Na wewe Madam, home yako ni wapi?" Alikuwa na nyumba Amalemba, na hatukuwahi kumsikia akienda kijiji chochote. Madam akaanza kutafuta chaki yake kila mfuko, na chaki yenyewe alikuwa ameishika mkononi.

Nirudi kwenye kusamehe, kwenye neno samahani, maana ndiko ninakokukwepa. Neno hilo alilichukia. Kwa wengine lilikuwa adabu, kwake lilikuwa blanketi la kufunikia kila kitu. Tulilitumia tulipomkanyaga mtu mguu, na tulilitumia tulipomvunjia mtu nyumba. Yeye alitaka "excuse" ikae kwake na "forgive" ikae kwake, na mfano wake ulikuwa mmoja miaka yote.

"Ng'ombe yako ikikata kamba ikule mahindi yangu, na ulikuwa umeifunga vizuri, hiyo ni excuse," alisema. "Hakuna makosa, tunaendelea. Lakini kama uliiona ikikula na ukaendelea kukunywa chai yako, hiyo ni forgive. Na hiyo ni kazi ngumu, mimi sifanyangi kama sijaombwa. Usikuje kuniomba excuse kwa kitu ya forgive. Hapo unakula mahindi yangu mara ya pili."

Tulicheka sana darasani. Mimi nilicheka kuliko wengine, kwa sababu baba yangu alikuwa na ng'ombe wa aina hiyo.

Ilikuwa Ijumaa moja, miaka kadhaa baada ya yeye kustaafu, aliponiletea lile daftari dukani. Alikuwa amelifunga kwa kitambaa. Alitaka nilichape lote, ukurasa kwa ukurasa, ili ampelekee mtu wa vitabu aliyekuwa amemwahidi kuliangalia. Hakutaka kunilipa kwa maneno matamu, alisema tu kwamba nakala ni hiyo moja na kwamba ananipa mimi kwa sababu nilikuwa najua kunyamaza mtu akiwa katikati ya viti. Nilijisikia mkubwa siku hiyo. Nikaamua nitakwenda nalo nyumbani, kijijini kwetu Malinya, nilisome kwanza kwa utulivu, nizoee mwandiko wake, halafu Jumatatu nianze kazi.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na mchezo wa fahali. Anayejua Malinya anajua kwamba siku hiyo huulizwi kama utakwenda. Fahali wa mjomba wangu alikuwa anapigana, na sisi wa nyumba yake tulitakiwa kumsindikiza kwa ngoma za isukuti na nyimbo mpaka uwanjani. Nilikuwa nimebeba daftari kwenye kikapu cha mkonge, kwa sababu nilidhani nitapata pa kukaa nisome. Ujinga gani huo, mtu asome penye ngoma na fahali wawili. Nilikiweka kikapu chini ya ua wa miti ukingoni mwa uwanja nikaingia kwenye ngoma. Fahali wetu alishinda. Wengine hawataelewa furaha hiyo, na sitajaribu kuieleza. Tulikimbia naye mpaka nyumbani tukiimba, na kikapu changu sikukikumbuka mpaka jioni mvua ilipoanza.

Mpaka hapo, Madam, ng'ombe alikuwa amekata kamba tu.

Jumapili baada ya kanisa nilirudi uwanjani. Kikapu hakikuwepo. Kando ya barabara alikuwepo mama mmoja anayekaanga mandazi siku zote, na watu wamejipanga, wengi wao watu wa mjomba wangu, bado wana furaha ya jana. Waliponiona walinisifu, wakasema huyu ndiye kijana wetu wa kompyuta kule mjini. Nikaingia kwenye foleni nikiwa sina hata hamu ya mandazi. Zamu yangu ilipofika, yule mama alichana karatasi kwenye daftari lililokuwa pembeni yake, akafunga mandazi mawili, akanipa. Mwandiko ulikuwa mdogo, umelala upande.

Jalada lilikuwa limetoka kwa mvua na mwanzo wote ulikuwa umekwisha kuchanwa. Lakini nusu nzima ilikuwa bado imebaki. Naapa ilikuwa nusu, labda zaidi ya nusu. Yule mama hakuwa na kosa, aliokota daftari lililolowa akadhani ni la mwanafunzi aliyemaliza shule. Ningesema neno moja tu angenipa. Nami nilisimama pale, mandazi yananichoma mkono, nikafikiri mambo mawili. La kwanza, niliona aibu kusema mbele ya watu wale kwamba kitu nilichoaminiwa mjini ndicho hicho wanachofungiwa mandazi. La pili ni baya zaidi na nimechukua miaka kulikubali. Nilifikiri kwamba daftari lililopotea lote ni bahati mbaya, lakini nikimrudishia nusu, ataniuliza nusu nyingine ilikwendaje, na nilikuwa wapi ikienda.

Nikasema asante mama, nikaondoka. Nilipofika kwenye kona niligeuka, nikamwona akichana ukurasa mwingine.

Karatasi yangu niliikunja nikaiweka kwenye Biblia. Ilikuwa ile ya mvulana wa Mautuma.

Jumatano Madam alipokuja dukani nilimwambia daftari lilipotea kwenye umati wa mchezo wa fahali. Akaniuliza kama nililitafuta. Nikasema nililitafuta, na hilo, ukilitazama kwa jicho moja, lilikuwa kweli. Nilingoja avute viti. Nilikuwa nimejikaza kisabuni, najua kwamba akinisimamisha katikati nitasema kila kitu. Lakini hakuvuta viti. Mara ya kwanza tangu nimjue, hakutaka kisa. Alisimama ameshika meza, akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka, "You are excused," akatoka.

Wiki iliyofuata alinialika kwake akanichinjia kuku. Aliniwekea obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku huyo, akanipa firigisi, heshima ambayo mtu hupewa akiwa mgeni wa maana, akakaa kunitazama nikila. Je, alikuwa hajui kitu na ananifariji? Au alijua kila kitu, maana Malinya si mbali na maneno yana miguu, na alikuwa ananingoja niseme? Nilitafuna firigisi ile mpaka ikawa kama mpira. Alinisimulia kwamba anajaribu kuliandika daftari upya kutoka kichwani, lakini visa vinachanganyikana, anakumbuka viatu na hakumbuki ni vya dada wa nani. Nilimwambia ajipe moyo. Hebu fikiria, mimi ndiye niliyemwambia ajipe moyo.

Aliendelea kuja dukani miaka mingine mingi. Tulicheka, tulisahihisha wasifu za marehemu wa watu, na hatukutaja daftari tena. Mara nyingi nilipiga moyo konde, nikajiambia leo nitasema, kisha mteja akaingia. Baadaye akaanza kukosa Jumatano moja, halafu mbili, halafu akaacha kabisa. Nikasikia kwamba anasahau. Sikushtuka sana mwanzoni, kwa sababu mtu ambaye chumvi yake huitwa ile, utajuaje siku aliyoisahau chumvi kweli?

Mwaka huu mpwa wake, mwanamke anayekaa naye pale Amalemba, alikuja dukani kutoa nakala za karatasi za matibabu. Aliniambia kama nina neno na shangazi yake nisichelewe, siku nyingine hamjui hata yeye. Usiku huo sikulala vizuri. Kesho yake mchana nilichukua sukari, majani ya chai na mkate, na ndani ya shati nikaweka ile karatasi.

Nilimkuta barazani ameketi kwenye kigoda, anachambua majani ya kunde. Viti viwili vilikuwepo, kimoja kimewekwa beseni na kingine kimelaliwa na paka. Migongo yake ilikuwa mitupu. Soksi moja ilikuwa ya bluu na nyingine ya kijivu, na nikafurahi kwa sababu hiyo tu.

"Karibu mgeni," akasema. "Umetoka mbali?"

Nikamwambia nimetoka mjini tu, mimi ni yule wa kuchapa. Akatabasamu kwa adabu, ile adabu ya mtu asiyetaka kukuaibisha. Mpwa wake akaingia ndani kuweka chai. Nikakaa kwenye ngazi, nikatoa karatasi iliyokuwa na doa la mafuta katikati, nikamwuliza kama anaujua mwandiko huo. Aliutazama kwa muda, akasema ni wa mtu aliyekuwa na haraka. Basi nikamsomea. Nilimsomea habari za babu aliyehamia Mautuma, za viti vya mbele na chakula cha kwanza, na za mazungumzo nyuma ya nyumba. Mikono yake iliacha kunde. Alisikiliza kana kwamba kisa hicho kimetokea asubuhi hiyo na yeye hajawahi kukisikia popote.

"Sasa huyo mtoto aliketi wapi?" akauliza.

"Hakuketi, Madam. Kengele ililia."

"Masikini," akasema. "Mmemwacha amesimama mpaka reo."

Sijui ni kitu gani kilichonipata. Nilianza kuzungumza na sikunyamaza. Nilimweleza habari za kikapu, ngoma, mvua na mandazi. Nilimwambia kwamba nusu ilikuwa imebaki na niliiona kwa macho yangu, na kwamba nilisema asante mama nikaenda zangu. Nilimwambia nililia siku ile kwenye kona, kisha nikakumbuka kwamba sikulia, nikamwambia pia kwamba sikulia. Alinitazama kwa makini tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza nilingoja. Miaka yote hii nilikuwa nimengoja yeye aniambie ni lipi kati ya yale maneno mawili.

Macho yake yalikuwa ya upole na hayakunijua. Nilitaka kumshika mabega nimwambie ni mimi, ni daftari lako, ni kitabu chako. Nilijiona nimechelewa kama mtu aliyefika mazishini kaburi limeshafukiwa. Hapo nikaelewa kidogo habari ya kamusi.

Madam akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta. Alitafuta, akatafuta, akatoa kipande cha chaki kisichozidi ukucha, akaninyooshea.

"Andika ile," akasema. "Kwa ile."

Nilimwondoa paka. Niliondoa beseni. Kwenye mgongo wa kiti kimoja niliandika "excuse", nikaandika "forgive" kwenye kingine. Nilivipanga hatua tatu vikiachana, nikasimama katikati, mtu mzima mwenye mvi, na mpwa wake amesimama mlangoni na birika la chai hajui tunafanya nini. Nilimtazama Madam nikitumaini kwamba atainua hata kidole kuniongoza. Alikuwa amerudi kwenye kunde zake. Na kwa nini angeinua? Alikuwa ametuambia tangu tukiwa watoto kwamba mwenye kisa ndiye anayeketi, na mimi kwa miaka yote nilikuwa nimesimama nikingoja aketi kwa niaba yangu.

Nikaketi kwenye "forgive". Kiti kilikuwa kigumu, mguu wake mmoja umelegea, na kilicheza chini yangu.

Alichambua majani mawili matatu. Halafu akainua kichwa, na kwa sauti ileile ya darasani, wala sijui kama ilikuwa inatoka kwenye kumbukumbu au kwenye mazoea tu, akaniuliza, "Umeketi vizuri?"

"Hapana, Madam," nikamwambia. "Lakini sihami."